Chumba cha Ushauri: Barua Zenu Kuhusu Siri, Hofu na Mipaka ya Mshauri

Mwezi huu barua nyingi hazikuuliza habari za ndoa wala za kukosa usingizi. Zimeuliza habari zetu sisi washauri: tunafanya nini hasa mle chumbani, nani anatusimamia, na mtu afanyeje akiona mambo yanakwenda kombo. Nimefurahi sana, kwa sababu mteja anayejua haki zake hutibika vizuri zaidi. Nimechagua barua sita. Majina nimeyaondoa, na chochote kinachoweza kumfichua aliyeandika nimekibadilisha.

Shikamoo Bi Mshauri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili. Mwaka jana nilianza kwenda kwa mshauri nasaha mmoja hapa mjini kwa sababu ya mgogoro wa ndoa. Nilimweleza mambo ambayo hata dada yangu wa tumbo moja hayajui. Haikupita muda, wifi yangu akanirushia maneno yale yale tulipokuwa tunagombana. Nilipomuuliza mshauri, akasema aliongea na mama mkwe wangu kwa nia njema ya kuiokoa ndoa. Sijarudi tena. Je, alikuwa na haki? Na nikienda kwa mwingine, nitajuaje kama naye si wa aina hiyo?
*Mama Wawili, Tanga*

Marahaba, mwalimu, na pole sana. Hakuwa na haki. Nia njema haikumpa ruhusa. Mwenye kutoa ruhusa ulikuwa wewe, na hakukuomba.

Watu hudhani usiri ni adabu ya mshauri mwenye kifua, jambo zuri la kuongezea juu ya matibabu. Usiri ni sehemu ya matibabu yenyewe. Mtu anayekuja kwangu kwa mara ya kwanza huanza na lile analoweza kulisema popote: kichwa kinauma, silali, moyo unaenda mbio. Halafu hunitazama nalipokeaje. Akiona limekaa salama, kikao kinachofuata huleta zito zaidi. Lile hasa lililomtoa nyumbani mara nyingi huja baada ya wiki kadhaa, tena kwa sauti ya chini. Mshauri akivujisha, ameiziba njia hiyo. Mteja anaweza kukaa miaka bila kumfungulia mtu mwingine mdomo, akiwemo yule ambaye angeweza kumsaidia. Kwa hiyo ninaposema mshauri yule amekudhuru, simaanishi amekukosea heshima tu.

Sasa utajuaje kuhusu mwingine? Msikilize anavyoanza. Mimi siku ya kwanza, kabla mtu hajaanza kueleza, husema hivi: "Utakayoniambia yanabaki hapa. Awe mumeo, mkeo, mzazi, mchungaji, shehe au mwajiri, sitamwambia bila ruhusa yako. Yapo machache nisiyoweza kuyanyamazia: ukiwa katika hatari ya kujiua, ukipanga kumdhuru mtu, mtoto akiwa anaumizwa, au mahakama ikiniamuru. Hata hapo, ikiwezekana, wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kujua kwamba nitasema, na nitamwambia nani. Kazi yangu huwa naijadili na msimamizi wangu, lakini jina lako silitaji. Una swali?" Kisha nanyamaza, nasubiri. Wengi huuliza juu ya faili: unaandika nini humo, na linalala wapi? Nawaonyesha kabati na kufuli lake. Wengine huuliza kama mhudumu wa mapokezi anaweza kulisoma. Nawaambia ukweli: anaona jina na tarehe ya miadi, basi.

Mshauri asiyesema lolote la namna hiyo, muulize wewe. Akikasirika kwa kuulizwa, ondoka.

Kuna jambo jingine la miji yetu. Tanga si Dar, watu wanajuana. Inawezekana mshauri yule alikuwa anamfahamu mama mkwe wako tangu zamani, kwa msikiti, kwa kanisa, kwa kikoba. Hilo peke yake si kosa. Alichopaswa kufanya ni kukwambia mapema, "Mwalimu, mimi na mama mkwe wako tunafahamiana, je, uko radhi tuendelee au nikupeleke kwa mwenzangu?" Na kama aliona mama mkwe anaweza kusaidia, angekuuliza kama unataka ahusishwe, aambiwe kipi, kipi kiachwe, nawe uwepo au usiwepo. Mimi huwa naandika makubaliano hayo kwenye karatasi na mteja anatia saini.

Ukitaka kulalamika, unaweza. Andika barua kwa uongozi wa kituo anachofanyia kazi: tarehe, ulichomweleza, maneno yaliyokurudia na yalipita kwa nani. Tanzania tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na ipo Tume ya kupokea malalamiko. Usione aibu. Aliyetoa siri ndiye mwenye kujibu.

Za kazi Bi Mshauri. Mimi ni dereva wa lori, njia yangu Dar mpaka Tunduma. Mwaka juzi pale mlima Kitonga mwenzangu aliyekuwa mbele yangu breki zilimkatalia. Niliona kila kitu, na utingo wake alifariki. Kesho yake kampuni ikatuletea mtu, akatukalisha wote ukumbini, kila mmoja akatakiwa aeleze alichokiona mwanzo hadi mwisho. Nilitoka pale nimevurugika kuliko nilivyoingia. Tangu hapo nikisikia harufu ya breki iliyoungua natetemeka, na usiku naota ajali ile. Nilianza kwa kuikwepa Kitonga, sasa hata kupanda lori siwezi, nipo tu nyumbani. Mke wangu ananiambia niende kwa mwanasaikolojia. Kama kuongea ndiko kulikoniharibu, niende tena nikaongee?
*Dereva, Mbeya*

Ndugu dereva, nakupa pole wewe na familia ya utingo yule. Mkeo amekushauri vyema, na wewe kusita kwako kuna msingi. Ngoja nikutenganishie, kwa sababu ulichofanyiwa ukumbini na kinachoweza kukutibu ni vitu viwili tofauti.

Kile cha ukumbini kilienea sana duniani miaka ya 1980 na 1990: watu waliopatwa na janga wakusanywe mara moja, kila mtu asimulie yote, ati wakitoa dukuduku hawatadhurika baadaye. Wachunguzi walipokuja kuwafuatilia waliokalishwa hivyo na wasiokalishwa, hawakuona nafuu yoyote, na katika baadhi ya tafiti waliosimulishwa walikuwa na hali mbaya zaidi. Shirika la Afya Duniani halishauri tena jambo hilo. Badala yake, mwaka 2011 lilitoa pamoja na wenzake mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia, wenye maneno matatu tu: angalia, sikiliza, unganisha. Kwenu ingekuwa hivi. Mtu angewatazama nani ana jeraha na nani amepigwa butwaa. Angewapa maji, mahali pa kulala, simu ya kupigia nyumbani. Anayetaka kusema angesikilizwa, anayetaka kukaa kimya angeachwa akae kimya. Kisha angewaunganisha na ndugu zenu na hospitali. Kuwalazimisha kusimulia mbele ya tajiri na wafanyakazi wenzenu, bila kuwauliza kama mko radhi, kulikuwa ni kuwavunjia haki, hata kama aliyeitwa hakujua.

Sasa hali yako. Harufu ya breki inakuja, mwili unapiga kengele kana kwamba ajali inatokea sasa hivi. Wewe unaikimbia, na kengele inanyamaza. Ile nafuu ndiyo inayokudanganya, kwa sababu mwili unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa. Kukwepa ni kama mkopo wa mtaani: leo unapumua, kesho riba imeongezeka. Ulianza na mlima mmoja, ukaja njia nzima, ukaja lori lenyewe.

Tiba yake inakwenda kinyumenyume, pole pole. Mmoja wa walioianzisha ni Mwafrika Kusini, daktari Joseph Wolpe, aliyehudumu jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili na kuona kwamba dawa walizowapa askari waliojaa hofu hazikuwaponya. Alikuja na njia ya kumkaribisha mtu kwenye kile anachokihofu hatua kwa hatua huku mwili umetulia, akaichapisha kitabuni mwaka 1958. Wengine wameiboresha tangu hapo.

Ungekuja kwangu, vikao vya kwanza tusingeigusa ajali. Ningekuuliza unalalaje, unakula nini, kama unatumia pombe au vidonge ili upate usingizi, na kama umewahi kufikiria kufa. Ningekufundisha kupumua: kuvuta taratibu kwa pua, kutoa taratibu zaidi kwa mdomo, tumbo likipanda na kushuka. Halafu tungechukua karatasi na kalamu tuchore ngazi. Chini kabisa unaweka jambo linalokupa hofu ya kama 20 kati ya 100, juu kabisa lile la 100. Dereva mmoja anaweza kuandika hivi: kutazama picha ya lori, 20. Kusimama kwenye yadi magari yakiwa yamezimwa, 30. Kukaa kwenye kiti cha dereva, funguo mfukoni, 45. Kuwasha injini na kukaa nayo, 55. Kuzunguka yadi, 60. Kunusa breki iliyopata moto gereji, fundi akiwepo, 70. Kuendesha bila mzigo barabara iliyonyooka, 75. Kupanda Kitonga mchana ukiwa abiria, kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Ilula, 90. Kuushuka ukiwa wewe ndiye umeshika usukani, 100.

Kwenye kila kipandio unakaa mpaka hofu ishuke yenyewe, kisha unarudia siku nyingine, na nyingine. Ukianza kwa 45 na baada ya nusu saa ukaniambia sasa ni 25, mwili umejifunza kitu ambacho maneno yangu yasingeweza kuufundisha. Kusimulia ajali kutakuja pia, lakini wewe ndiye utakayesema lini, mtu mmoja tu akisikia, na hutaondoka chumbani mpaka umetulia. Utaisimulia tena na tena hadi iwe kumbukumbu ya jambo lililopita. Tiba ya namna hii kwa kawaida huchukua vikao kati ya 8 na 15.

Shika na hili. Kila kipandio ni cha kukubaliana. Mshauri haruhusiwi kukushtukiza, kukupakia kwenye lori ghafla "ili uzoee", wala kukuita mwoga. Anapaswa kukueleza mapema kwamba siku za mwanzo ndoto zinaweza kuongezeka kidogo, na kwamba ziko njia nyingine za matibabu ukikataa hii. Ukisema leo basi, ni basi. Na kama usingizi wako ni wa saa mbili tatu, tafadhali usiendeshe kwa sasa.

Huenda unajiuliza kama haya yanafaa kwetu. Huko Moshi na Bungoma, watoto 640 waliofiwa na mzazi na kuandamwa na majonzi na hofu walishirikishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2020. Walioingia kwenye vikundi vya tiba hii ya hatua kwa hatua walihudumiwa na watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa, kwa lugha zetu, wakasimulia habari ya msiba wao kidogo kidogo, na kwenye sehemu nyingi kati ya zilizochunguzwa walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida. Wewe si mtoto, lakini mwili wa mwanadamu unajifunza hofu na kuisahau kwa njia zinazofanana.

Kwa gharama, anzia Hospitali ya Rufaa ya Kanda hapo hapo Mbeya, uliza kliniki ya afya ya akili. Eleza kama ulivyonieleza mimi, hasa harufu ya breki. Maombi endelea nayo, hayapingani na ngazi.

Dada, mshauri wangu ni mwanaume wa makamo. Ameanza kunitumia ujumbe usiku, eti amenikumbuka. Juzi kaniambia kikao kijacho tukifanyie hotelini na nisilipe. Kweli amenisaidia, sitaki kumpoteza. Je, ni mimi niliyempa mwanya?
*Binti, Dar es Salaam*

Hapana, mdogo wangu. Usiende hotelini.

Hata kama ungekuwa umempenda, umemwandikia, umemletea zawadi, wajibu wa kulinda mpaka ungebaki kuwa wake. Wateja kuwapenda washauri wao hutokea, na mshauri aliyefunzwa anajua kulipokea hilo bila kulitumia. Kiapo cha Hippocrates, cha kale kabisa, kinamkataza tabibu kujamiiana na watu wa nyumba anazoingia kutibu. Kanuni za wanasaikolojia wa Marekani zinakataza uhusiano wa namna hiyo na mteja, na zinaendelea kuukataza kwa angalau miaka 2 baada ya tiba kwisha. Sababu ni kwamba wewe umemwonyesha mahali unapoumia, naye hajakuonyesha chake. Hapo hakuna ridhaa ya watu walio sawa. Na kikao cha bure leo ni deni ambalo yeye ndiye atakayeamua lilipwe vipi.

Usifute ujumbe wake hata mmoja. Mwambie mtu unayemwamini leo. Huna haja ya kikao cha kuagana. Ujumbe wa mstari mmoja kwamba hutaendelea unatosha, na hata huo si lazima. Peleka malalamiko kwa uongozi wa kituo chake, na akikutishia au kukugusa, nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa wasomaji wa Kenya, Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 imeweka bodi ya kuwasajili na kuwawajibisha.

Nafuu uliyopata ni yako. Wewe ndiye uliyeifanyia kazi, na utaondoka nayo kwenda kwa mshauri mwingine.

Daktari, mimi ni baba wa msichana wa miaka 15. Kaunsela wa shule anakutana naye kila wiki lakini mimi haniambii kitu. Karo nalipa mimi, mtoto ni wangu. Hii ni haki?
*Baba Msichana, Nakuru*

Mzee wangu, uchungu wako nausikia, na uulize kwa sauti kubwa kabisa jambo hili: je, mtoto wangu yuko salama? Hilo una haki ya kujibiwa, na kaunsela anayekuficha hatari anakosea.

Lakini msichana wa miaka 15 akijua kila neno litafika mezani nyumbani, atakuwa anakwenda kukaa tu. Njia tunayotumia ni makubaliano ya watatu mwanzoni kabisa, mzazi, mtoto na mshauri wameketi pamoja. Mshauri anasema: baba nitakuambia anahudhuria au la, kwa jumla anaendeleaje, na unaweza kumsaidia vipi nyumbani. Akiwa anajiumiza, anataka kufa, au kuna anayemdhulumu, utaambiwa, isipokuwa kama kukwambia kunamweka hatarini zaidi. Mengine ni yake mpaka atakapotaka kuyasema. Huenda kwenu makubaliano hayo hayakufanyika. Omba yafanyike sasa, na umtangulize binti: "Nimeomba tukutane watatu, sitakuuliza mnaongea nini." Wengi wakiona baba ametulia, huja kusema wenyewe.

Na wazazi wengine wanaosoma hapa: namba 116 ni simu ya msaada kwa mtoto, hapa Tanzania na Kenya pia.

Habari Bi Mshauri. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, Kigoma. Tulipewa mafunzo mafupi ya kusaidia watu wenye msongo na sonona. Kwanza, mtu asiye na digrii kama mimi anaruhusiwa kweli kazi hii? Pili, kijana mmoja amenieleza kwamba atammaliza kaka yake kwa sababu ya shamba. Tulifundishwa siri ni siri. Nimekaa nayo moyoni, sili wala silali.
*Mhudumu, Kigoma*

Barua yako ilipofika nilikupigia simu siku hiyo hiyo, na nashukuru hatua zilichukuliwa. Naandika hapa kwa ajili ya wenzako walio na mzigo kama huo usiku huu.

Swali lako la pili lilishafika mahakamani. Mwaka 1969, kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwanafunzi Prosenjit Poddar alimweleza mwanasaikolojia wake kwamba atamuua msichana, Tatiana Tarasoff. Mwanasaikolojia alitoa taarifa kwa polisi wa chuo, wakamhoji kijana, wakamwachia. Tatiana mwenyewe hakuonywa na mtu, wala wazazi wake, na Oktoba mwaka huo aliuawa. Mwaka 1976 Mahakama Kuu Kabisa ya California iliamua kwamba mtaalamu ana wajibu wa kuchukua hatua za kumlinda anayetishiwa. Hukumu ya California haitubani sisi, lakini hoja yake imeingia kwenye kanuni za maadili za nchi nyingi: siri ya mteja haiwezi kuwa na thamani kuliko uhai wa mtu asiye na habari.

Haimaanishi ukimbilie polisi kila mtu anapofoka. Watu husema "nitamuua" kwa hasira na jioni wanakula sahani moja. Muulize aliyesema, kwa utulivu: ni nani hasa? Kwa kitu gani? Lini? Kitu hicho unacho tayari? Umewahi kumpiga kabla? Yule kijana wako alikuwa na jibu kwa kila swali, na ndiyo sababu nilisema tusingoje. Kinachofuata ni kumpigia msimamizi wako, usibebe peke yako. Mkiamua kutoa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au polisi, semeni kile tu kinachohitajika kumlinda kaka: nani anatishia, nani anatishiwa, ukaribu wa hatari. Ugomvi wake na mkewe, maradhi yake, aliyoyalia mbele yako, hayo hayatoki. Na kijana mwenyewe aambiwe, kama usalama unaruhusu. Wengine hukasirika, wengine hushusha pumzi, kwa sababu walisema wakitumaini mtu atawazuia.

Kuhusu digrii. Zimbabwe, mtaalamu wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafunza bibi wa mitaani, huko Mbare, Harare, wakae na wagonjwa kwenye benchi nje ya zahanati. Bibi husikiliza, humsaidia mtu kuyataja matatizo yake yote, wachague moja, watafute hatua moja inayowezekana wiki hiyo, arudi aeleze ilivyokwenda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwahusu watu 573 katika zahanati 24. Baada ya miezi 6, waliobaki na dalili za sonona upande wa benchi walikuwa takriban asilimia 14, na upande wa huduma ya kawaida takriban asilimia 50. Uganda nako, katika vijiji vya Masaka na Rakai, vikundi vya watu wenye sonona viliongozwa na wenyeji waliofunzwa, vikikutana kila wiki kwa wiki 16, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2003 yalikuwa mazuri vilevile.

Kwa hiyo ndiyo, inawezekana kabisa, na nakuheshimu kwa kazi hiyo. Lakini bibi wale hawakuachwa peke yao. Walikuwa na hatua zilizoandikwa, msimamizi wa kumpigia, na mahali pa kumpeleka mgonjwa aliyezidi uwezo wao. Ukikosa hata kimoja kati ya hivyo, kidai kwa waliokufunza, tena kwa maandishi. Jitambulishe kwa jina la kazi yako halisi, usikubali kuitwa daktari. Anayesikia sauti, anayeongea asivyoeleweka, aliyeacha kula kabisa, huyo ni wa hospitali leo.

Na usiogope kuuliza habari ya kujiua. Wahudumu wengi wanadhani watampandikizia mtu wazo. Haiko hivyo. Uliza waziwazi: "Hali ikiwa nzito hivi, umewahi kufikiria kujiua?" Akijibu ndiyo, endelea kuuliza kama amepanga namna na kama anacho kitu chenyewe, usimwache peke yake, na sumu ya shambani itoke ndani ya nyumba kabla hujaondoka.

Assalaam alaykum dada. Nafanya kazi za ndani Muscat, nalala chumba kimoja na mwenzangu. Nimepata mshauri wa Mombasa wa kuongea naye kwa simu. Ni salama? Nijilinde vipi?
*Msomaji, Muscat*

Wa alaykum salaam. Ushauri kwa simu unafaa kwa watu wengi, na kuongea Kiswahili ukiwa ugenini ni dawa tosha kwa kuanzia. Kabla ya kikao cha kwanza kubalianeni mambo haya. Muulize kama amesajiliwa, na kwa jina lipi, ulihakikishe. Akuahidi kwamba harekodi, na kwamba upande wake yuko chumba kilichofungwa, si kwenye gari na watu. Tafuta saa mwenzako akiwa kazini, au ongea ukitembea nje kama unaruhusiwa, vaa spika za masikioni. Wekeni neno la siri, la kawaida kabisa, kwa mfano "mama amepona?", ambalo ukilisema atajua kuna mtu ameingia, nanyi mtaanza kuongea habari za nyumbani. Ujumbe wenu ufute kama simu yako hukaguliwa, isipokuwa ule unaoweza kuwa ushahidi wa kudhulumiwa. Huo mtumie ndugu unayemwamini aukutunzie, kisha ndipo uufute.

Mpe mshauri mahali unapoishi na namba ya ndugu mmoja, kwa sababu yuko mbali na hataweza kukufikia siku ukizidiwa. Na kama tatizo lenyewe ni kupigwa, kunyimwa mshahara au kuzuiliwa pasipoti, mwambie mshauri tangu mwanzo. Mshauri mwadilifu hatakufundisha kuvumilia. Atakusaidia kuwafikia ubalozi wa nchi yako huko Muscat, na mazungumzo ya moyo yataendelea huku hilo likishughulikiwa.